Shawa inavuja kwenye meno: jinsi ya kuitengeneza mwenyewe

Maswali ni yale yale. "Shawa yangu inamwaga maji shingoni, mbele yanatoka matone tu, nifanyeje?" "Nimezungusha tepu nusu kibunda na bado inavuja." "Kichwa kinazunguka tu, hakikazi." "Fundi anasema lazima ukuta uvunjwe, ni kweli?" Mwongozo huu unajibu yote manne, na umeandikwa kwa mtu ambaye hajawahi kushika spana.

Hapa Mombasa tatizo hili lina sababu zake. Maji ya mfereji yakikatika, nyumba nyingi hurudi kwenye kisima, na maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Chumvi hula chuma kidogo kidogo, na chokaa iliyomo ndani ya maji hayo huganda katikati ya meno, ile michirizi ya kuzungushia na kukazia, mpaka kichwa cha shawa na mkono wake, yaani bomba fupi linalotoka ukutani, vinashikana kama kitu kimoja. Anayekuja kufungua kwa nguvu huvunja. Kuna mikono ya shawa inayong'aa vizuri kwa nje, lakini ukiibana kwa koleo inapasuka kama ganda la yai.

Elewa kwanza maji yanazuiwa na nini

Wengi hudhani meno ndiyo yanayozuia maji. Kazi ya meno ni kushika na kukaza tu. Kinachozuia maji ni tepu au washa (pete ya mpira), na lazima ujue ni kipi kati ya hivyo viwili kabla hujanunua chochote.

Mahali mkono wa shawa unapoingia ukutani, maji huzuiwa na tepu au katani iliyozungushwa kwenye meno. Kwenye nati ya kichwa cha shawa cha kawaida, hasa kile kinachopindika huku na huku, ndani mna washa ya mpira. Ukikaza nati, mpira unabanwa na mdomo wa bomba na maji hayapiti. Shawa ya kushika mkononi yenye mpira mrefu nayo hutegemea washa, kila upande moja. Kwa hiyo kama washa imekauka na kuwa ngumu, unaweza kuzungusha tepu hadi kibunda kiishe na maji yataendelea kutoka. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la pili hapo juu, na washa yenyewe inauzwa kwa shilingi chache.

Shawa ya umeme, ile ya kuchemsha maji papo hapo, ni habari nyingine. Meno yake ni ya plastiki na huzuia maji kwa tepu unayozungusha kwenye bomba. Plastiki hiyo haipendi spana hata kidogo.

Vitu vya kuandaa

- Spana ya kurekebisha, na nyingine au koleo kubwa la kushikilia mkono wa shawa
- Tepu nyeupe ya mabomba isiyo na gundi, iliyoandikwa PTFE
- Washa mbili tatu za mpira za nusu inchi
- Mswaki wa zamani na brashi ndogo ya waya
- Siki, mfuko wa nailoni na mpira wa kufungia
- Tupa ndogo ya pembe tatu, kama meno yamejipinda
- Matambara mawili, ndoo, na karatasi laini ya chooni
- Kiti au ngazi isiyoyumba

Usinunue kichwa kipya wala mkono mpya mapema. Fungua kwanza, uone kilichoharibika, kisha uende nacho dukani mkononi.

Kuhusu vipimo, hapa ndipo wageni wa kazi hii hupotea. Shawa za Kenya hutumia meno ya nusu inchi ya kipimo cha Kiingereza, BSP. Lakini ukipima kwa rula upana wa meno ya nje utapata karibu milimita 21, ambayo ni zaidi ya robo tatu ya inchi. Mtu akaenda dukani akaomba kitu cha robo tatu, akarudi nacho hakiingii. Kipimo cha robo tatu kina upana wa karibu milimita 26 na nusu. Nusu inchi ni jina la bomba, usilichukue kama kipimo cha rula.

Na kama jamaa amekuletea shawa nzuri kutoka Marekani, angalia sana. Meno ya nusu inchi ya kule yana hesabu ileile ya 14 kwa inchi, ila pembe ya jino ni nyuzi 60, ya kwetu ni nyuzi 55, na yale ya kwao hupungua upana kuelekea mwisho. Itaanza kuingia vizuri, itakaza, na itavuja. Ukiilazimisha utaua meno ya mkono wako. Tafuta kiungo cha kubadilisha kipimo, au uiache ndani ya boksi lake.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta maji yanatokea wapi hasa. Kama ni shawa ya umeme, zima umeme kwanza, tena mara mbili: swichi yake kubwa ya pembeni na ile ya kwenye boksi la umeme la nyumba. Kisha kausha kila kitu kwa tambara. Zungusha vipande vya karatasi laini sehemu tatu: kwenye nati ya kichwa, kwenye mwili wa kichwa chenyewe, na pale mkono unapoingia ukutani. Fungua maji taratibu na utazame. Karatasi inayolowa kwanza ndiyo yenye ukweli. Usiamini mahali tone linapodondokea, kwa sababu maji hutambaa chini ya mkono na kudondoka mbali na tundu lake. Kama ni mwili wa kichwa uliopasuka, kazi imekwisha: nunua kichwa kipya, fuata hatua ya 2 hadi ya 5 kukitoa cha zamani na kusafisha, kisha uruke hadi hatua ya 8.

2. Funga maji. Bafu zingine zina koki yake, zingine hufungwa chini ya tangi juu ya nyumba. Ukiwa kwenye nyumba ya kupanga yenye tangi moja la wapangaji wote, zungumza na keateka au mwenye nyumba kabla ya kugusa koki, la sivyo jirani mwenye sabuni usoni atakutafuta. Baada ya kufunga, fungua shawa maji yaliyobaki yatoke. Ziba tundu la maji machafu sakafuni kwa tambara, maana washa ikidondoka humo huipati tena.

3. Lainisha kilichoganda. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye maungio, usianze na spana. Lowesha tambara kwa siki, lizungushe pale, livishe mfuko wa nailoni na ulifunge kwa mpira. Liache nusu saa hadi saa moja, kisha osha kwa maji. Usiache siki usiku kucha kwenye kitu kilichopakwa kromu, itababua rangi. Chokaa ikiwa nzito, rudia mara ya pili. Huna siki? Maji ya ndimu nayo hufanya kazi.

4. Fungua kichwa huku umeshikilia mkono. Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote. Spana moja ishike nati ya kichwa na kuizungusha kinyume cha saa. Spana ya pili, au koleo lililofungwa tambara, iushike mkono wa shawa usitembee. Usiposhika mkono, nguvu zako zote zinakwenda ukutani, kwenye elbo usiyoiona, yaani kiungo cha kona kilicho ndani ya ukuta. Nyumba za zamani za Mji wa Kale na Majengo, na hata magorofa ya miaka iliyopita, yana mabomba ya chuma ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe. Bomba hilo likishaliwa na chumvi, elbo huvunjika kwa mzunguko mmoja wa mkono wenye hasira, na hapo ndipo ukuta unavunjwa kweli. Vingi vya visa vya kuvunja ukuta vimeanzia hapa, si kwenye shawa yenyewe.

Ikikataa, rudi kwenye siki. Usigonge kwa nyundo, na usiongeze urefu wa spana kwa kuivisha bomba.

5. Safisha, kisha soma meno. Ondoa tepu yote ya zamani, hata nyuzi zilizojificha chini kabisa. Sugua kwa brashi ya waya kufuata mzunguko wa meno, usisugue kwa kukata. Plastiki isugue kwa mswaki tu. Sasa peleka karibu na dirisha, au washa tochi ya simu, na upitishe ukucha juu ya meno kutoka mdomoni kwenda ndani. Jino zima hukwaruza ukucha kila hatua, sawasawa. Jino lililoliwa hupita laini. Jino lililovukwa, yaani kichwa kiliwahi kufungwa upande, utaliona kama mstari wa pili mdogo unaokata meno kwa mshazari.

Uamuzi wako unatokana na ulichokiona:

Meno mazima na washa ngumu au iliyokatika: badilisha washa tu. Meno ya kichwa yameisha: kichwa kipya, hakuna dawa nyingine, na usipoteze muda. Jino la kwanza au la pili la mkono limejipinda, mengine mazima: hatua ya 6. Zaidi ya nusu ya meno ya mkono yameliwa, au bomba limetoboka au kupasuka: mkono mpya, hatua ya 7.

6. Nyoosha meno ya mkono. Weka ukingo wa tupa ya pembe tatu ndani ya bonde la meno yaliyo mazima, upate kuizoea pembe yake. Kisha fuata bonde hilohilo kutoka kwenye meno mazima kuelekea mdomoni, kwa mguso mwepesi, hadi ukingo uliojipinda uondoke. Unaondoa kilichozidi tu. Hutengenezi jino jipya. Futa unga wa chuma na ujaribu kichwa kwa vidole, bila tepu. Kikiingia mizunguko mitatu bila kukwama, umefaulu. Kuna mafundi wenye dai, yaani kifaa cha kukatia meno, ya nusu inchi, na kwa mkono wa shaba nzito inafaa kuwapelekea. Kwa mkono mwembamba wa kromu ni hasara, nunua mwingine.

7. Badilisha mkono. Shika mkono karibu na ukuta kwa spana iliyovishwa tambara, uzungushe kinyume cha saa polepole. Ukitembea robo mzunguko ukakwama, urudishe kidogo mbele, kisha nyuma tena. Ukikataa kabisa kwa nguvu ya kawaida, acha. Hapo mwite fundi, naye aje na vifaa vya kushika elbo. Hakuna aibu katika hilo, gharama yake ni ndogo sana kuliko ya kuvunja vigae.

Ukiutoa, nenda nao dukani. Hadiwea za Mwembe Tayari na Kongowea zina mikono ya kila aina, kwa hiyo chagua vizuri. Chukua sumaku ndogo. Sumaku ikinata, ni chuma kilichopakwa kromu, na kwa maji ya chumvi hakitadumu. Shaba haivutwi na sumaku, na ukiinua utahisi uzito wake. Kwa kichwa, mimi ningechagua plastiki nzuri kuliko kile cha chuma chepesi kinachong'aa. Plastiki haishiki kutu, na meno yake yakiisha hasara ni ndogo. Shawa ya umeme nayo, kama unatumia kisima, uliza ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Zipo, na zile za maji ya mfereji yasiyo na chumvi huungua upesi.

8. Zungusha tepu. Kausha meno kwanza. Elekeza mdomo wa bomba usoni kwako na uzungushe tepu kufuata mshale wa saa. Ukizungusha kinyume, kichwa kitaikusanya na kuisukuma nje wakati wa kukaza, na utaiona ikijikunja kama kola juu ya nati. Anza jino la pili ili tepu isiingie ndani ya bomba na kuziba matundu ya shawa. Ivute kidogo hadi michoro ya meno ionekane kupitia tepu. Mizunguko 6 hadi 8 inatosha. Tepu nyembamba sana ya bei ya chini, fika 10. Mwisho ibonyeze kwa kidole gumba ilale.

Meno ya mkono yakiwa yamechakaa kidogo lakini bado yanashika, ongeza mizunguko michache, au tumia katani na mafuta yake ya mabomba pale ukutani. Ila katani usiifunge ndani ya meno ya kike (yale ya ndani) ya plastiki. Hunyonya maji, hufura, na hupasua plastiki baada ya siku chache.

Kwenye nati yenye washa, weka washa mpya ilale bapa ndani. Tepu hapo haina kazi kubwa.

9. Funga kwa vidole. Weka kichwa kwenye mdomo wa bomba, kisha kwanza kizungushe kinyume cha saa taratibu. Utahisi kinashuka kidogo, tiki, pale meno yanapokutana mwanzo wake. Kuanzia hapo kizungushe kufuata saa. Kinapaswa kwenda chepesi mizunguko miwili mitatu. Kikiwa kigumu tangu mzunguko wa kwanza, kimevuka meno: rudisha, anza tena. Vichwa vingi vilivyokufa vimekufa katika sekunde hizi.

Chuma kwa chuma, ongeza robo hadi nusu mzunguko kwa spana, huku umeshikilia mkono. Plastiki, kaza kwa mkono peke yake. Ukisikia plastiki inalia, umeshazidisha.

10. Jaribu. Fungua koki polepole ili hewa itoke bila kishindo. Acha maji yapite, kisha zungusha tena karatasi laini kwenye maungio. Kukiwa na tone, kaza kidogo mno. Rudi kuangalia baada ya saa moja, hasa kama nyumba ina pampu, kwa sababu maungio yanayostahimili maji ya tangi huweza kuvuja pampu inapowaka. Shawa ya umeme: maji yatoke kwanza kwa nguvu, na mwili wake uwe mkavu, ndipo uwashe umeme. Ukiwasha ikiwa tupu, waya wa ndani unaungua papo hapo.

Kipande kimevunjikia ndani

Hutokea sana: shingo ya plastiki inakatika na meno yake yanabaki ndani ya nati au ndani ya elbo. Usikisukume. Chukua kipande cha msumeno wa chuma, kifunge tambara upande mmoja ukishike, na ukate kwa ndani mfereji mmoja kwenye plastiki. Kata polepole, na uache mara unapohisi chuma, usije ukakwaruza meno ya elbo. Kata mfereji wa pili pembeni yake. Sasa ingiza ncha ya bisibisi bapa kwenye mfereji na uisukume ile plastiki kuelekea katikati ya tundu. Itajikunja, itaachia, na utaivuta kwa koleo. Pitisha mswaki, toa vumbi lote, na ufungue maji kidogo yasukume mabaki kabla ya kufunga kitu kipya.

Usifanye haya

Usipake gundi ya haraka, silikoni wala saruji ya plastiki kwenye meno ili kuzuia maji. Itashika wiki mbili, kisha itavuja, na safari hii hakuna atakayeweza kuifungua bila kuvunja. Shawa ya umeme iliyopasuka shingoni usiifunge kwa chochote. Maji yake yanatambaa juu ya nyaya. Zima, toa, badilisha, na uhakikishe waya wa ardhi umeunganishwa. Duka likiwa limefungwa, ndoo na kopo havijawahi kumdhuru mtu.

Bado inatatiza?

*Inavuja kwenye nati hata baada ya washa mpya.* Tazama mdomo wa bomba. Ukiwa umekatwa mshazari au una kovu, washa haikai bapa. Usawazishe kwa tupa, au weka washa nene zaidi.

*Kichwa kinazunguka bila mwisho.* Meno ya kichwa yamekwisha. Kama kichwa kipya nacho kinazunguka, ni ya mkono.

*Maji yanatoka kidogo mbele, mengi pembeni.* Matundu yameziba chokaa, maji yanatafuta njia nyingine. Loweka uso wa kichwa ndani ya siki, toboa matundu kwa sindano, na ondoa kipande cha tepu kama kimeingia kwenye chujio.

*Inadondosha hata ikiwa imefungwa.* Dakika chache za kudondosha ni maji yaliyobaki kichwani. Ikiendelea mchana kutwa, tatizo liko kwenye mpira wa koki, kichwa hakina kosa.

*Ukuta unalowa nyuma ya kile kisahani cha kufunikia tundu.* Sukuma kisahani nje uangalie. Maji yakitoka kwenye meno ya mkono, utoe na urudie hatua ya 8. Yakitoka nyuma ya elbo yenyewe, au rangi ya ukuta inavimba chini yake, funga maji ya bafu hilo leo na umwite fundi wa mabomba.